Kutoka Chekechea Kwenda Chumba cha Watoto Wachanga



Mwezi huu nimeiweka kando mada ya shinikizo la damu niliyokuwa nimeahidi, kwa sababu ya swali nililoletewa na mwalimu mmoja wa upande wa Mufindi. Mwalimu huyu ameongoza chekechea ya parokia kwa miaka 14. Anajua kupanga ratiba, kukusanya ada bila kumwaibisha mzazi, kutunza daftari la mahudhurio, na watoto 60 humsikiliza akipiga makofi mawili tu. Sasa halmashauri ya walei imemwomba ageuze darasa moja liwe chumba cha kulelea watoto wa miezi mitatu hadi miaka mitatu, na yeye mwenyewe afanye kazi humo. Alinikuta siku ya kliniki, akasubiri akina mama waishe, kisha akaniuliza: "Dada, si ni kazi ile ile, ila watoto ni wadogo zaidi?"

Nilimjibu kwamba si kazi ile ile. Tukakaa kwenye benchi mpaka giza likaingia, na mengi ya tuliyoongea ndiyo haya ninayoyaandika. Naamini yatamfaa pia mzazi anayempeleka mtoto kituoni, na hata bibi anayeachiwa mjukuu nyumbani.

KWA NINI VITUO VYA WACHANGA VINAHITAJIWA

Zamani mama akienda shamba alimwacha mtoto kwa bibi au alimfunga mgongoni. Leo bibi wengi nao wanalima au wako kijiji cha mbali. Mtoto anaachiwa dada wa kazi ambaye mwenyewe ni mtoto, au anaachiwa kaka yake wa miaka minane ambaye siku hiyo haendi shule. Ukipita soko la Mwanjelwa pale Mbeya utaona watoto wamelazwa kwenye maboksi chini ya meza za nyanya. Kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe mama huanza kuchuma kukiwa na umande, na mtoto mchanga hafai kukaa kwenye umande.

Kwa mama aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Maana yake anarudi kazini wakati mtoto hajafikisha hata nusu ya ile miezi sita anayotakiwa kunyonya maziwa ya mama peke yake. Sheria hiyo hiyo inampa mama nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nimewauliza akina mama wengi kliniki kama wanaijua haki hii, na wengi wananishangaa. Akina mama, iulizieni.

Upande wa chekechea nako mambo yamebadilika. Tangu Januari 2016 elimumsingi ya serikali haina ada, pamoja na darasa la awali, kwa hiyo watoto wengi wa miaka mitano wamehamia huko. Madarasa ya parokia yamepata nafasi, na walimu wenye uzoefu wamepungukiwa watoto. Ndipo wazo la wachanga linapokuja. Ni wazo jema. Lakini chumba kitupu na mwalimu mzuri havitoshi.

"WATU WANANIAMBIA NIMEKUWA YAYA"

Hili lilikuwa limemkaa moyoni kuliko yote. Mtu aliyeitwa Mwalimu na kijiji kizima kwa miaka 14, leo anaonekana na kitambaa begani kikinuka maziwa. Jirani mmoja alimwuliza amekosea nini hata akashushwa cheo.

Nami nilimpa habari za mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya kila mara. Mkoa wa Iringa ulikuwa wa kwanza nchini, karibu watoto 57 katika kila 100. Njombe ulifuata, karibu 50. Hii ndiyo mikoa ambayo malori hupakia mahindi na viazi kulisha Dar es Salaam.

Udumavu mwingi hujengeka kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, katika zile siku 1000 zinazohesabiwa tangu mimba inapotungwa. Ubongo nao una haraka hiyo hiyo: mtoto anapofikisha miaka mitatu, ubongo wake umekaribia asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mwalimu alikuwa akiwapokea watoto wa miaka minne na kujiuliza kwa nini huyu ni mzito wa kushika namba na yule anasinzia kila saa nne asubuhi. Wengine jibu lao lilikuwa limeandikwa miaka miwili kabla hawajafika mlangoni kwake. Nilimwambia, "Mwalimu, hujashushwa. Umesogezwa karibu na chanzo." Akanyamaza, kisha akasema nikamwambie jirani yake. Bado sijaenda.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano, ambayo inaanza kumhesabu mtoto tangu tumboni na kumfikisha miaka minane. Inataka mambo matano yaende pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema, na ulinzi. Hilo la tatu ndilo gumu kwa mtu aliyezoea darasa.

YA KUACHA MLANGONI

Kwanza ni kengele. Mtoto wa miaka mitano anaweza kungoja uji mpaka saa nne. Mtoto wa miezi mitano hajui kungoja. Njaa yake ni ya sasa hivi. Kila mchanga ana saa yake ya kulala, ya kunyonya na ya kuchafua nepi, na mlezi ndiye anayemfuata. Mwalimu alikwenda kujifunza kwa wiki moja kwenye kituo kimoja Mbeya mjini, na aliporudi alinisimulia akicheka mwenyewe kwamba siku ya kwanza alisahau akapiga makofi yake mawili. Watoto watatu waliamka, wote wakalia.

Pili ni ile fahari ya chumba kimya. Nimewahi kutembelea kituo nikaonyeshwa watoto kumi wamepangwa kwenye mkeka, wamelala chali, macho juu ya dari, hakuna anayelia. Msimamizi akaniambia kwa furaha, "Hawa hawasumbui kabisa." Moyo wangu uliruka. Mtoto mchanga mzima wa afya anasumbua. Anaita, anafoka, ananyosha mikono, anaguna. Akiita siku nyingi bila kuitikiwa, anaacha kuita. Ukimya wa namna hiyo usitupumbaze.

Malezi yenye mwitikio maana yake ni hii tu: mtoto anatoa ishara, mtu mzima anaiona na kuijibu. Akiguna, mgune naye. Akitazama kuku, mwambie, "Ndiyo, kuku huyo, anakula." Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani kwao. Mtoto wa Kihehe akisikia "kamwene" asubuhi na wa Kinyakyusa akisikia "ugonile" anajua yuko kwa watu wake. Kiswahili kitakuja, wala hakijamkimbia mtoto yeyote wa Tanzania.

Tatu ni kuwagawa watoto kwa kazi, yaani mmoja anaosha wote, mwingine analisha wote, wa tatu anabadilisha nepi. Darasani utaratibu huu ni mzuri, lakini kwa wachanga ni mbaya. Kila mtoto awe na mlezi wake anayemjua kwa harufu na kwa sauti. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Hungaria, Emmi Pikler, alianzisha mjini Budapest nyumba ya watoto wasio na wazazi. Alisisitiza kwamba kila mlezi awe na watoto wake, na kwamba asimnyanyue mtoto kabla hajamwambia kuwa anamnyanyua. Jaribuni nyumbani. Sema, "Sasa nakubeba," nyosha mikono, ngoja kidogo. Baada ya wiki chache utaona mtoto anaukaza mwili wake kukusaidia.

KILIO CHA ASUBUHI

Mwalimu alinieleza kwamba chekechea mtoto mpya hulia siku mbili, akapewa mpira, basi. Kwa mtoto wa miezi minane hadi mwaka na nusu mambo si hivyo.

Habari hii imetoka kwa jirani zetu. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alikaa Uganda akitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akina mama 26 na watoto wao wachanga. Alikaa barazani akitazama. Aliona kwamba mtoto anayetambaa humwacha mama, akaenda kuchunguza kitu, akageuka kumtazama, akarudi, akaenda tena. Mama ni kituo chake cha kuondokea na kurejea. Mama akitoka ghafla, mtoto hulia na kumfuata, na kilio hicho si deko. Ni dalili kwamba amefungamana na mtu. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na mambo mengi yanayofundishwa duniani leo kuhusu wachanga yameanzia katika baraza zile.

Kwa hiyo mama asitoroke mtoto akiwa ameangalia pembeni. Wiki ya kwanza akae naye kituoni saa moja au mbili, siku inayofuata atoke kidogo na kurudi, hivyo hivyo mpaka mtoto amzoee mlezi wake. Najua mama wa kibarua atasema hana wiki ya kupoteza. Basi aje bibi, au baba. Siku ya kuondoka aage, hata kama mtoto analia. Kanga aliyoivaa mama ikiachwa kituoni inasaidia sana, ila isiwekwe karibu na uso wa mtoto aliyelala.

CHAKULA

Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Si maji, si chai, si uji mwepesi, wala juisi. Mama afike kunyonyesha mchana kama kazi iko karibu. Kama iko mbali, akamue kwa mkono safi kwenye kikombe chenye mfuniko kilichochemshwa. Mahali pasipo na jokofu maziwa hayo yatumike ndani ya muda wa saa nne, yawekwe mahali pa baridi, yaandikwe jina na saa. Usiyachemshe jikoni, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto kidogo. Mtoto alishwe kwa kikombe au kijiko. Chupa za kunyonyea ni ngumu kusafisha, na nimeona kuhara kwingi kukitokea kwenye ile chuchu ya mpira.

Baada ya miezi sita huanza chakula, na kunyonya kunaendelea mpaka miaka miwili au zaidi. Hapa ndipo Nyanda za Juu tunapowakosesha watoto wetu. Tunao uji mweupe wa sembe, mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, tunaujaza kikombe kikubwa, mtoto anashiba maji na kulala. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Kila kijiko kinachoingia kiwe na maana. Uji au kiazi kilichopondwa kiwe kizito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko hakichuruziki. Kisha ongeza kitu: maharage yaliyopondwa na kutolewa maganda, yai lililoiva vizuri, usipa wa Kyela uliokaushwa na kusagwa, kijiko cha mafuta, mboga za majani zilizokatwa laini, maziwa. Rungwe na Njombe parachichi zinaoza chini ya mti wakati mtoto wa mwenye mti anakunywa uji mtupu. Parachichi lililopondwa ni chakula kizuri kwa mtoto wa miezi sita, halihitaji hata kuni.

Miezi sita hadi minane alishwe mara mbili au tatu kwa siku, akianza na vijiko viwili vitatu. Kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, na kitafunwa kidogo katikati. Mtoto anayeshinda kituoni muda wa saa tisa anakula sehemu kubwa ya chakula chake huko. Kituo kikimlisha vibaya, mama hawezi kukifidia jioni amechoka.

Msimlazimishe wala kumbana pua. Mlezi akae mbele yake, amtazame, amwongeleshe, amngoje ameze. Hii inachukua muda, na ndiyo sababu nitasema hapa chini juu ya idadi.

Chai ya rangi wasipewe, hata katika Mufindi yetu ambako chai ndiyo kazi ya watu, maana inazuia mwili kupokea madini ya chuma na watoto wetu tayari wanapungukiwa damu. Asali wasipewe kabla ya mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vimelea vinavyotoa sumu ya hatari tumboni mwa mchanga. Na ulanzi, hata ule mtogwa ambao wazee wanasema ni mtamu tu hauna kitu, si wa mtoto. Unaendelea kuchacha humo humo kwenye kikombe.

BARIDI NA JIKO LA MKAA

Naomba wasomaji wasome sehemu hii mara mbili.

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi ya mwezi wa Julai, tuliletewa watoto wawili na mlezi wao kutoka mahali ambapo sitapataja. Usiku ule kulikuwa na sakitu, majani yote meupe. Mlezi, kwa huruma yake, aliingiza jiko la mkaa kwenye chumba cha kulala watoto, akafunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa gunia. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, hakukuwa na moshi, akaona ni salama. Mama mmoja aliyechelewa kumleta mtoto wake ndiye aliyefungua mlango. Mlezi alikuwa anatapika na kushika kichwa, watoto wamelegea kama nguo iliyolowa. Walipewa oksijeni na wote watatu walipona, ingawa mmoja wa watoto alikaa siku mbili bila kunyonya vizuri. Yule mama asingechelewa, sijui ningekuwa naandika nini.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inachukua nafasi ya oksijeni katika damu, na mtoto hulala usingizi asioamka. Jiko la mkaa halikai ndani ya chumba wanamolala watu, dirisha liwe limefungwa au limefunguliwa kidogo. Ukikuta watu wamelegea katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, watoe nje kwenye hewa, kisha hospitali, hata kama wameamka.

Joto la mtoto litafutwe kwa njia nyingine: nguo nyepesi mbili tatu badala ya moja nzito, kofia na soksi akiwa macho, mgongo wa mlezi, jua la saa nne. Darasa litakalokuwa la wachanga liwe upande unaopata jua la asubuhi, na sakafu ya saruji iwekewe mkeka na magodoro.

Mtoto chini ya mwaka mmoja alazwe chali, kwenye godoro gumu kidogo, bila mto, bila blanketi legelege. Mama wengi wanaogopa kwamba akicheua akiwa chali atapaliwa. Watoto wazima hugeuza au kumeza, na kulala kifudifudi ndiko kunakoongeza vifo vya ghafla. Blanketi lifike kifuani, mikono juu, miguu ya mtoto ikigusa mwisho wa kitanda ili asitelemke ndani yake. Mlezi mmoja awe chumbani wakati wote wanapolala, na awe macho.

KUPALIWA, MIKONO NA NEPI

Chekechea ina vitu vidogo vya kuhesabia, kama vizibo vya soda, punje za mahindi, maharage na shanga. Vyote vitoke chumba cha wachanga. Chochote kinachopita ndani ya bomba la gombo la karatasi ya chooni ni kidogo mno. Karanga nzima na bisi wasipewe kabla ya miaka minne au mitano.

Mchanga akipaliwa, hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kitu kisipotoka, mgeuze chali, bonyeza kifua kwa vidole viwili mara tano, urudie hivyo. Usichokonoe kooni kwa kidole bila kuona kitu. Kwa aliyezidi mwaka mmoja, baada ya mapigo matano ya mgongoni, simama nyuma yake ubane tumbo juu ya kitovu mara tano. Akizimia na kuwa hapumui, ni kuanza kumpulizia na kumbonyeza kifua huku mwenzako anatafuta gari. Walezi waje kliniki wajifunze kwa mwanasesere. Kusoma gazetini hakutoshi.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya nepi na kila kabla ya chakula. Pasipo bomba, kibuyu chirizi mlangoni kinatosha. Mahali pa kubadilishia nepi pawe mbali na mahali pa chakula, jambo linaloonekana wazi lakini nimekuta meza moja ikifanya kazi zote mbili. Kinyesi cha mchanga kina vijidudu kama cha mtu mzima, kiende chooni.

MTOTO AKIUGUA

Kila mtoto aje na kadi yake ya kliniki, na mlezi ajifunze kuisoma. Aone chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na ile ya surua na rubela ya miezi 9 na ya pili ya miezi 18, ambayo wengi huisahau. Aone pia mstari wa uzito kama unapanda au umelala. Katika mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya, ambayo ni miongoni mwa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, mlezi atakutana na mtoto anayepewa dawa ya kumkinga. Alichokiona kwenye kadi kikae kwenye kadi. Siri ikitoka mara moja, akina mama wataacha kuleta kadi, na dawa zitaachwa nyumbani.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka, anayepumua kwa shida na mbavu kuingia ndani, apelekwe hospitali saa ile ile. Mama atafuatwa huko huko. Mchanga chini ya miezi miwili mwenye homa naye vivyo hivyo. Anayeharisha aanze maji ya ORS hapo kituoni na kunyonya kuendelee, kisha apate vidonge vya zinki kwenye zahanati.

Juu ya kuumana: watoto wa mwaka mmoja na nusu huuma wenzao. Hawana ubaya, hawana maneno. Watenganishe, mhudumie aliyeumwa, mwambie aliyeuma, "Hapana, inauma." Fimbo iliyokuwa juu ya kabati ya chekechea, kama ipo, ikapikie maharage.

IDADI

Hapa ndipo tulipobishana na halmashauri ya walei, nami nilialikwa. Walikuwa wamepiga hesabu ya watoto 20, Mwalimu na msaidizi mmoja, ili ada itoshe kulipa mishahara. Nikawaomba wahesabu pamoja nami. Mchanga mmoja kulishwa vizuri ni kama nusu saa, mara tatu. Nepi tano au sita. Kubebwa, kulazwa, kuogeshwa akijichafua. Kwa watoto 20 siku inaisha kabla ya kumaliza mlo wa pili, na hapo ndipo watoto wanapopangwa kwenye mkeka watazame dari. Kipimo changu ni mlezi mmoja kwa wachanga watatu, na mlezi mmoja kwa watano wanaotembea. Mzee mmoja alisema hiyo ni gharama ya kifalme. Mama mmoja wa WAWATA akamwuliza yeye mke wake alilea wangapi wachanga kwa wakati mmoja, mzee akacheka, tukaendelea.

Kituo lazima kisajiliwe, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Msimamizi aanzie kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake, ambaye atakuja kukagua jengo, choo, maji na walezi. Usajili wa chekechea ya zamani usidhaniwe kuwa unatosha, aulize.

Mwisho wa kikao walikubali kuanza na watoto sita na walezi wawili, Mwalimu akiwa mmoja wao, na binti mmoja atakayepokea jikoni. Chekechea itaongozwa na mwalimu aliyekuwa msaidizi wake. Fundi wa jumuiya ameshapima mlango wa kukata nusu, ili watoto wanaotambaa wasitoke na mlezi aweze kuona nje. Bado hawajapata magodoro manne na beseni tatu zenye rangi tofauti. Mwenye navyo avipeleke ofisi ya parokia, si kwangu, maana hapa wodini vitaishia kutumika.